Abiria wa Jumatatu ya Pasaka

Kisa hiki nimesimuliwa mara nyingi na watu ambao hawakuwepo. Wengine wanasema nilikuwa nimelewa. Wengine wanasema sisi Waluhya tuliokulia Nakuru tumesahau adabu, ndiyo maana mtu mzima anaweza kumpakia mama mkwe wake kwenye pikipiki ya mashindano mbele ya umati na asione haya. Haya niliona, tena nyingi. Lakini pikipiki ilikuwa yangu, mama mkwe alikuwa wangu na shida ilikuwa yangu, kwa hivyo wacha nikieleze mwenyewe.

Mimi ni mtu wa boda boda. Steji yetu iko Kaptembwo, pale lami inapoachana na vumbi, mkabala na vibanda vya mitumba. Nimebeba wagonjwa, maharusi, walevi na mapasta, na siku moja nilibeba mbuzi aliyetulia kuliko mapasta wote. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwangusha mtu. Halafu mwaka mmoja, Krismasi ikikaribia, lori la mbao lililotoka upande wa Elburgon likanibana kwenye mzunguko, mimi na abiria wangu, mwalimu wa watu, tukaishia mtaroni. Yeye alivunjika mguu, mimi mfupa wa bega. Dereva wa lori alikubali kosa lake mbele ya polisi. Nilipopona nikarudi kazini, na sikukaa sana kabla tairi la mbele halijapasuka nikiwa na mama mmoja muuza mboga. Tulianguka polepole, kwenye mchanga, akachubuka kiwiko tu.

Basi ni hayo mawili, na hakuna hata moja lililokuwa kosa langu. Lakini mtaa hauna muda wa kusikiliza maelezo ya mtu. Mtaa ulisema nina mkosi.

Kwenye steji yetu tunapanga foleni. Zamu yangu ikifika, abiria alikuwa anakuja, ananitazama usoni, anaweka simu sikioni kama aliyepigiwa, anazunguka kidogo, halafu anapanda pikipiki ya aliye nyuma yangu. Nilijua simu haikulia. Wenzangu hawakunicheka. Afadhali wangenicheka. Waliniita "boss" kwa sauti ya chini, ile sauti watu wanayotumia matangani, na mwenyekiti wa steji akanishauri nipumzike kidogo mpaka watu wasahau. Nilimwambia apumzike yeye, aliyekuwa na tumbo la kupumzikia.

Nikabaki kubeba mizigo. Mitungi ya gesi, viazi, magodoro, na siku moja sofa nzima kutoka Kaptembwo mpaka Shabab. Mzigo hauna maoni. Lakini mtu wa boda asiyepandwa na watu ni kinyozi anayenyoa kondoo: kazi anaifanya, na bado anajua kuna kitu amenyang'anywa. Nilikuwa na hasira kutoka asubuhi hadi nikilala, na sikuificha. Nilianza kuwaza kuuza pikipiki nikatafute kibarua kwenye mashamba ya watu, na wazo lenyewe lilinikasirisha zaidi.

Sasa, kila Jumatatu ya Pasaka sisi watu wa pikipiki tunapanda Dundori. Wanakuja wa steji za mjini, wa Kaptembwo, wa Elburgon, na wenyeji wa Dundori wenyewe wanaojidai kwa sababu wanajua kila shimo. Njia ni ya changarawe, inapita katikati ya mashamba ya viazi, inapinda na kupanda hadi kwenye uwanja mmoja wa shule. Vijana wanaziba njia kwa kamba huku na huku. Chifu anajua, na siku hiyo huwa amesafiri.

Mbio hizi mtu hakimbii peke yake. Ni lazima uwe na abiria nyuma. Walioanzisha walisema kukimbia peke yako hata mwizi anaweza. Kazi yetu ni kubeba watu, basi tushindane kubeba watu. Abiria asiwe mtu wa boda, maana huyo anajua mbinu. Na asiwe mtu wa nyumba yako, kwa sababu mkeo atapanda hata kama hujui kuendesha, atafanya nini naye ameshaolewa. Awe mtu wa nje, aliyekuamini kwa hiari yake. Anayesimamia ni mzee mmoja Kalasinga mwenye duka la spea mjini. Ndiye anayetoa matairi mawili kwa mshindi, ndiye anayepeperusha kitambaa cha kuanzisha, na akisema neno limekwisha.

Kwa hivyo unaona mambo yalivyokuwa. Watu wote wa steji wangekuwa pale, na wateja wetu nusu. Nikipanda na abiria nikafika juu salama, ule mkosi wao wangeutafutia mtu mwingine. Nikikosa abiria, mtaa mzima ungejua kwamba hakuna binadamu hata mmoja Nakuru anayethubutu kukaa nyuma yangu. Mimi niliapa nitakimbia.

Nilianza kutafuta abiria wiki mbili kabla. Kinyozi wangu alisema goti linamsumbua. Mwimbaji mmoja wa kwaya, mtu niliyembeba miaka bila kumdai, alisema ataliombea jambo hilo, na mpaka leo bado anaomba. Jirani mmoja akaniambia Jumatatu ana mazishi. Nikamuuliza ni mazishi ya nani, akasema bado hajaambiwa.

Mke wangu aliposikia hilo la mazishi alitupa mwiko ndani ya sufuria. "Nitapanda mimi," akasema. "Waje waniondoe."

"Wataniondoa mimi," nikamwambia. "Wewe ni wa nyumba yangu."

"Hiyo sheria ni ya ujinga."

"Si ya ujinga. Ni nzuri. Ndiyo maana inaniuma."

Jumamosi ya Pasaka mama mkwe akaja kutoka Elburgon kuwaona wajukuu. Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu si kila mtu ana desturi zetu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na mama mkwe hawezi kulala nyumbani kwangu hata mvua ya mawe ikinyesha. Akija anafikia kwa jirani, mama mmoja wa kanisa lake, mlango wa tatu kutoka kwetu. Tukiwa na neno la kuambiana linapitia kwa mke wangu, hata kama sote watatu tumesimama kwenye ua mmoja. Hakuna chuki. Ni heshima tu, na mimi nimeifuata tangu nioe bila kunung'unika. Mama huyu ni mjane, mwili amejaliwa, na kwa miaka mingi aliuza chai nje ya kiwanda cha mbao. Sauti yake imezoea kushindana na misumeno.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa naosha pikipiki uani. Yeye alikuwa ameketi mlangoni kwa jirani, amenipa mgongo inavyotakiwa, na mke wangu akimsukia mtoto nywele katikati yetu. Wanawake hao walikuwa wameshaongea, hilo nililijua kwa namna walivyonyamaza nilipotokea.

"Mwambie huyo bwana aseme mbio zinaanza saa ngapi," mama mkwe akasema.

"Mama anauliza mbio zinaanza saa ngapi," mke wangu akasema.

"Mwambie saa nne. Anataka kuja kuona?"

"Anauliza kama unataka kuja kuona."

"Mwambie nakuja kupanda."

Kitambaa kilinitoka mkononi kikaanguka kwenye ndoo. Nikasema aambiwe kwamba haiwezekani, kwamba wazee watasema nini, kwamba mimi nitatembea vipi Kaptembwo. Mke wangu hakuyapitisha yote hayo. Alisema tu, "Anakataa."

"Mwambie sikuja kuomba ruhusa," mama mkwe akasema. "Binti yangu anakula kwa hiyo pikipiki. Watu wakisema ina mkosi, wanasema binti yangu ana mkosi na hao watoto wana mkosi. Mimi hilo siwezi kusikia na nikanyamaza. Mwambie aoshe vizuri hapo nyuma."

Sikulala vizuri. Nilijiambia asubuhi atakuwa ameghairi.

Nilipanda Dundori mapema peke yangu, na wao wakaja baadaye kwa pikap ya mtu wa kanisa. Mvua ilikuwa imenyesha, njia imeshika na vumbi limelala, ila kwenye kona kulikuwa na utelezi. Mama mkwe alishuka amevaa gauni lake la kanisani, na chini ya gauni suruali ya kazi ya marehemu mumewe, ile ya kiwandani, imekunjwa miguuni. Kichwani alikuwa na kitambaa na juu ya kitambaa helmeti. Kwapani alishika gunia lililokunjwa mara nne. Akaliweka kwenye kiti changu, katikati ya mahali pangu na pake, akalipigapiga kama mto. Lilikuwa la kututenganisha.

Wanawake wawili wa kwetu walishika midomo. Mzee mmoja alituona, akageuka akatazama mashamba ya viazi. Na mwenyekiti wa steji yangu, ambaye siku hiyo alikuwa kwenye kamati, akaja mbio na mkono juu.

"Hapana, hapana. Huyu ni familia. Sheria inasema asiwe mtu wa nyumba yake."

Nilifungua mdomo, lakini mama mkwe aliwahi. "Nyumba gani?" akauliza, na watu hadi kwenye kamba wakageuka. "Kijana, wewe umewahi kula kwa huyu bwana?"

"Nimekula, mathe, lakini—"

"Mimi sijakula. Umewahi kulala kwake?"

"Siku ile ya mvua kubwa, ndiyo."

"Mimi sijalala hata siku moja, na mvua imenikuta nje ya mlango wake. Umempa mkono leo? Mimi sijampa tangu amchukue binti yangu. Sasa niambie, katika watu wote hapa, nani ako mbali na nyumba yake kuliko mimi?"

Watu walicheka, lakini mwenyekiti alikaza. Ikabidi wamwite mzee Kalasinga. Alikuja taratibu, kilemba chake cha buluu kimefungwa safi, akasikiliza upande huu na upande ule. Akanitazama, akamtazama mama, akalitazama gunia.

"Hii gunia ya nini?" akauliza.

"Ili nisimguse," mama mkwe akasema. "Ni mwiko."

Mzee akalibonyeza gunia kwa kidole. Kisha akanyoosha mkono kwangu, nikaupokea. "Mimi nimempa huyu mkono," akamwambia mwenyekiti. "Wewe umempa. Mama hawezi hata hiyo. Basi huyu si mtu wa nyumba. Panda, mama."

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Desturi ile ile iliyomkataza kunigusa ndiyo iliyomfungulia kamba.

Tulipanga mistari. Nilisikia pikipiki ikishuka nyuma alipokaa, na sikusikia mkono wake popote. Alishika keria ya chuma nyuma yake. Kitambaa kikapepea, nikaachia klachi.

Mwanzo wa njia umenyooka na tulikwenda vizuri. Niliwapita wawili wa mjini waliojivalia jaketi za ngozi. Kisha ikaja kona ya kwanza. Kwenye kona abiria anatakiwa kuinama pamoja na wewe, miili miwili iwe mmoja, na kila mtu aliyepanda boda Nakuru anajua hivyo bila kufundishwa. Mama mkwe pia anajua. Lakini akiinama pamoja nami kifua chake kingenigusa mgongo, kwa hivyo nilipoinama kushoto yeye akainama kulia, kwa heshima zote. Pikipiki ikavutwa nje. Tulipita ukingo wa mtaro nikiona maji yake, na wale wawili wa jaketi wakanipita tena, na wengine nyuma yao.

Kona ya pili ikawa mbaya zaidi. Tairi la nyuma likateleza, nikasikia watu kando ya njia wakipiga kelele, na nikajua wanapiga kelele kwa sababu ni mimi. Walikuwa wakingoja kuona. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Mbele kulikuwa na kona ya tatu, kali kuliko zote, na tukiingia namna ile tungeanguka, naye angeumia, na mimi ningekuwa nimemwangusha mama wa mke wangu mbele ya Nakuru yote. Na mke wangu hakuwepo katikati yetu wa kunipitishia neno.

Tangu nioe sikuwahi kumtamkia mama huyo neno moja uso kwa uso. Nikapaza sauti.

"Mama! Nishike kiuno! Inama ninakoinama!"

Kwa muda nilisikia injini tu. Kisha nikaona kwa pembeni kitu cha kahawia kikiruka kuelekea shambani, na ni lile gunia, na mikono miwili ikanizunguka tumbo ikakaza hadi pumzi ikanikata.

"Enda!" akanipigia kelele sikioni kwa ile sauti ya kiwandani. "Enda, mtoto wangu!"

Nilienda. Tuliingia kona ya tatu tumeinama pamoja, sijawahi kuingia kona vizuri namna ile na abiria yeyote. Uzito wake ulilishika tairi chini, likakataa kuteleza. Tukaanza kula watu. Mmoja wa Dundori aliyejidai anajua mashimo yote alilipata moja asilolijua, akaingia kwenye viazi yeye na abiria wake, wakainuka na matope hadi nyusi wakicheka. Wale wa jaketi tuliwapita kwenye mwinuko, na mama mkwe aliwaambia, "Kando!" nao wakakaa kando. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu lori lile. Nilicheka ndani ya helmeti peke yangu.

Tulifika wa tatu. Matairi yalikwenda Elburgon, kwa mtu aliyestahili. Mimi sikujali hata kidogo. Nilivua helmeti, kisha nikairudisha haraka, kwa kuwa machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka steji nzima ione.

Mama mkwe alishuka, akashusha gauni, akapanga kitambaa chake. Mwenyekiti alikuwa amekuja na pikap ya kamati.

"Mathe, hukuogopa?" akamuuliza.

"Niliogopa sana," akasema. "Na bado nilipanda. Wewe uliogopa nini, na hata hukupanda?"

Mwenyekiti akacheka kidogo, akajikuna shingo, akaondoka. Mke wangu akaja kwa mbio. Nikamgeukia mama mkwe nikasema asante, moja kwa moja, maana nilidhani sasa mambo yamebadilika. Yeye akageuka upande akamtazama binti yake.

"Mwambie karibu," akasema.

Yule mzee aliyegeukia viazi alinifuata baadaye akaniambia nimevunja mwiko, na kwamba yapo mambo ya kufanywa. Nilimwambia najua, na nitayafanya. Nimeyafanya pia: nilitoa kilichotakiwa, wazee wakasema maneno yao, na yakaisha. Hayo ni ya kwetu. Lakini akaniuliza kama najuta, na nikamjibu kwamba akitaka nijute aende kwanza awaulize wote walioweka simu masikioni. Mimi sijuti. Ningefanya tena kesho, na mama mkwe vilevile, mkimpata Elburgon muulizeni.

Jumanne asubuhi alikuwa anarudi kwake. Nilifikiri atachukua matatu, nikamtolea nje mzigo wake wa nguo na kabeji mbili. Alitoka kwa jirani na helmeti mkononi. Akafunga mzigo kwenye keria mwenyewe, akaujaribu kwa kuuvuta, akapanda.

"Mwambie apitie steji yake kwanza," akamwambia mke wangu. "Na apite polepole."

Nilipita polepole. Nilipita kwa gia ya kwanza, mikono ya mama mkwe wangu ikiwa kiunoni mwangu mbele ya vibanda vyote vya mitumba. Pikipiki za wenzangu zilikuwa zimepangwa kwenye foleni, viti vitupu. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama hapo, mtoto mgongoni na ndoo ya nyanya miguuni, mmoja wa wale niliokuwa nikiwaona wakizunguka na simu sikioni. Alizipita pikipiki zote akaja hadi barabarani akaninyooshea mkono nisimame.

"Boss, mimi naenda Bondeni," akasema. "Ukimshusha mathe utanichukua?"

Kabla sijajibu, nikasikia sauti ya misumeno juu ya bega langu.

"Leo ameshikwa," mama mkwe akamwambia. "Ananipeleka mpaka Elburgon. Hao wengine hawana watu, panda."

Mwanamke aliitazama foleni, akanitazama mimi.

"Basi kesho, saa moja," akasema. "Lakini asichukue mtu mwingine."

Niliitikia kwa kichwa, nikatia gia ya pili, tukashika barabara ya Njoro.